Tusiite uchawi: niliyoyasema Tabora kuhusu michoro ya miambani

Wazee wangu shikamooni, kina mama shikamooni, vijana hamjambo, na wale wa kwetu kabisa mwangaluka. Nashukuru sana kunipa nafasi hii chini ya miembe maana ndani kule joto lingetuua. Kwenye barua ya mwaliko mmeniandikia nije niongelee uchawi wa wawindaji wa kale na michoro yao ya mapangoni, na nimekuja, nitaongea, ila lile neno la kwanza naomba nilikatae kabla sijafika mbali.

Neno lenyewe ni uchawi. Jamani sisi Waswahili tuna maneno yetu, tuna uganga, tuna tambiko, tuna kafara, tuna zindiko, tuna dawa, tuna maombi, na kila moja lina mahali pake, mtoto mdogo tu anajua mganga na mchawi sio mtu mmoja. Sasa wenzetu wa Ulaya walipoanza kuandika kuhusu watu wa porini mambo yote haya waliyatia kwenye kapu moja na neno moja, na likija kutafsiriwa huku linaangukia kwenye uchawi, basi mwanafunzi wa form two anasoma kwamba wawindaji wa kale walikuwa wanachora kwa ajili ya uchawi, anafunga daftari, anaenda nyumbani na picha ya mtu anayeruka na ungo usiku. Na hapa kwetu hilo sio neno la kuchezea. Mnajua wote hapa, Unyamwezi na Usukuma, bibi zetu wangapi wamekatwa mapanga kisa macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi, miaka hamsini mtu anapuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe jikoni. Ndo maana mimi nikiona neno hilo limebandikwa kwenye kazi ya watu wa kale roho inaniuma, naona tunawarudia watu waliokufa na kosa lile lile tunalowafanyia walio hai.

Ngoja nianze na babu yangu mzaa mama. Alikuwa mrina asali na mwindaji, pori lake lilikuwa upande wa Sikonge, na mimi nimeenda naye mara mbili nikiwa mdogo, mara ya pili nakumbuka vizuri zaidi. Usiku wa kuamkia safari hakulala ndani, alitandika ngozi uani peke yake, bibi hakumsogelea, na asubuhi hakumpa mtu mkono. Tulitembea mpaka jua likawa juu ya miti ndo akasimama kwenye mninga mmoja mkubwa, akatoa kibuyu kidogo, ndani mna unga wa mtama umekorogwa na maji, mweupe kama maziwa, akaumwaga taratibu kwenye mizizi huku anataja majina. Alitaja ya baba yake na ya baba wa baba yake, na mengine sikuyajua. Alafu akasema kwa Kinyamwezi, sauti ya kawaida tu kama anaongea na jirani, kwamba tumekuja kuomba hatujaja kuiba. Na jioni alipompata pongo hatukula kwanza, alikata kipande cha ini, akakichoma, akarudi nacho kwenye ule mninga wakati mimi njaa inanimaliza, alipokiweka pale chini ndo tukakaa kula.

Sasa niambieni, hapo uchawi uko wapi? Nani alidhuriwa?

Nina kisa kingine kinachofanana na hicho, hiki kimeandikwa. Mwaka 1905 Mjerumani mmoja anaitwa Leo Frobenius alikuwa anasafiri ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, ndani ndani huko Kongo upande wa Kasai, na kwenye msafara wake wakaungana naye wawindaji wa msituni, wale watu wafupi, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Siku moja akawaambia wamtafutie swala wa kitoweo, wakamshangaa, wakasema leo haiwezekani maana hatujajiandaa, kesho. Yeye akawa na hamu ya kujua hayo maandalizi ni nini, akaamka usiku akajificha karibu na kilima walichokichagua. Kabla ya jua wakaja, mwanaume mmoja akafagia mahali pakawa safi, akachuchumaa akachora kitu kwa kidole mchangani huku wengine wananuiza, kisha kimya, wanasubiri. Jua lilipochomoza na mwali wa kwanza ukagusa ule mchoro, mwanamke akainua mikono kuelekea jua akatoa sauti, mwanaume akaachia mshale, wakaondoka kuelekea msituni. Frobenius anasogea anakuta pale chini amechorwa swala na mshale umesimama shingoni. Baadaye wakaja na swala kweli, amepigwa shingoni. Ila kuna sehemu ya mwisho ambayo watu wengi wakikisimulia kisa hiki wanaiacha, na kwangu mimi ndo kubwa kuliko zote: wale watu walichukua nywele kidogo za yule mnyama na kibuyu cha damu yake wakarudi nazo kilimani, wakaupaka ule mchoro damu na nywele, alafu wakaufuta.

Wanasayansi wa wakati ule walipenda sana ile sehemu ya mshale. Ufaransa kulikuwa na msomi anaitwa Salomon Reinach, mwaka 1903 alishaandika kwamba michoro ya mapangoni ni ya kuvutia mawindo, unamchora mnyama unamkamata kabla hujamkamata, na baadaye padri mmoja Henri Breuil, mtu aliyeyajua mapango ya Ulaya kuliko wengi wa enzi zake, akaikuza hiyo hoja mpaka ikawa kama amri. Hesabu zake ni rahisi, mchoro ni mtego. Mimi hoja hiyo sikuikubali hata nilipokuwa kijana, na wenyewe huko Ulaya imekuja kuwakwama. Kuna pango maarufu kule Ufaransa, Lascaux, vijana waliliingia mwaka 1940, michoro yake ina kama miaka 17,000. Mifupa iliyokutwa mle, ya chakula, karibu yote ni ya reindia, yule mnyama wa nchi za baridi mwenye mapembe kama matawi. Haya, ukutani wamechora farasi, wamechora ng'ombe mwitu wakubwa, wamechora wanyama kibao, na reindia anatajwa mmoja tu. Yaani kitoweo cha kila siku hawakukichora. Sasa kama mchoro ni mtego wa chakula mbona waliacha kutega chakula chenyewe?

Na kwa Frobenius pia, ile damu na nywele za mwisho mtego hauzielezi. Mnyama ameshakufa, nyama iko bega, ya nini kurudi mlimani? Mimi nikifika hapo namuona babu na lile ini. Kuna deni linalipwa hapo. Umetoa uhai, unarudi kwa mwenyewe unasema nimechukua, hii hapa damu, sijaficha.

Tuje kusini sasa, maana huko ndo watu walipata bahati ya kuwauliza wenyewe. Mwaka 1873 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Joseph Orpen, alikuwa anapita milima ya Maloti, Lesotho ya leo, akaongozwa na kijana mwindaji wa jamii ya San jina lake Qing, na huyu Qing akamuonyesha michoro na kumweleza. Wakafika kwenye watu waliochorwa na vichwa vya wanyama, Orpen akauliza hawa ni nani, Qing akamjibu kwamba hao ni watu waliokufa na sasa wanaishi mtoni, waliharibika wakati mmoja na pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, kwa ile ngoma ambayo umeiona imechorwa. Jibu hilo kwa mzungu wa mwaka ule lilikuwa giza tupu. Ilichukua karibu miaka mia moja mpaka watu kama David Lewis-Williams wa Afrika Kusini walipolisoma tena pembeni ya ngoma za uponyaji za Kalahari wakaanza kuliona.

Ngoma yenyewe iko hivi, wanawake wanakaa kuzunguka moto wanaimba na kupiga makofi, wanaume wanazunguka nyuma yao wanakanyaga kwa kishindo saa nyingi, usiku kucha, mpaka mganga mmoja mmoja kati yao nguvu ya kuponya inamchemka tumboni, anainama mbele kwa maumivu, anatoka jasho, mwingine damu inamtoka puani, anaanguka. Wanasema amekufa, kufa kwa muda, roho imetoka kwenda kupigania wagonjwa, na akirudi anapitisha mikono kwa kila mtu aliyekaa pale anawatoa ugonjwa. Sasa chukua pofu aliyechomwa mshale wa sumu: anainamisha kichwa, miguu inapishana, nywele zinasimama, damu inatoka puani, anaanguka. Kwenye mwamba mmoja kule milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, pofu anayekufa amechorwa na mtu nyuma yake ameshika mkia, na yule mtu naye miguu imepishana vile vile kama ya mnyama! Waganga wanakufa kama pofu anavyokufa. Nguvu ya mnyama yule mkubwa mwenye mafuta mengi ndo wanayoifanyia kazi ya kuponya watu. Na mvua pia, waganga wa mvua wa San walikuwa wanasema kuna mnyama wa mvua, unamtoa majini unamwongoza kwa kamba juu ya nchi kavu, akichinjwa damu yake inageuka mvua, na huyo naye kachorwa. Wazee mliokaa hapa mbele mnajua kwa Wanyamwezi mvua ikikataa aliyekuwa anaulizwa ni mtemi, kwa hiyo hilo sina haja ya kuwafafanulia.

Haya, turudi nyumbani, maana ukiongea hivi watu wanadhani haya mambo ni ya Kalahari tu. Tanzania hii hii tuna Wasandawe, kule Kwa Mtoro na Farkwa, na tuna Wahadzabe pale ziwa Eyasi, lugha zao zote mbili zina zile sauti za kudokoa ulimi. Wasandawe leo ni wakulima na wafugaji kama sisi ila babu zao walikuwa wawindaji, na miaka ya 1960 mtafiti Eric ten Raa alikaa nao akakuta bado wanakumbuka kuchora. Walimweleza kuna michoro ya kuchora tu mtu amekaa, kuna ya mambo ya kuwinda, na kuna ya tambiko, watu wameenda kwenye mlima wa mizimu wao kutoa sadaka. Na wana ngoma inaitwa simbo. Kwenye simbo mchezaji anapandisha mpaka anakuwa simba, ananguruma, anatetemeka, na sikilizeni anakuwa simba ili afanye nini, ili apambane na wachawi! Sasa sisi tunachukua picha za watu wenye ngoma ya kupigana na wachawi tunaziandika kwenye vitabu vya watoto kwamba ni picha za uchawi. Mnaona tulivyokosea njia?

Wahadzabe wao wana epeme, usiku usio na mbalamwezi, moto unazimwa, giza kabisa, mwanaume mmoja mmoja anatoka na manyoya kichwani na njuga mguuni anakanyaga, wanawake wanaimba. Sijawahi kuiona. Natamani.

Kolo, kwenye miamba yenye michoro, nimefika. Ni Kondoa, ukitoka mjini Kondoa unaenda kaskazini kilomita 20 na kitu kwenye barabara ya Babati, unakuta ofisi ya Mambo ya Kale, unaongozwa mpaka mlimani. Tulienda na vijana kama thelathini, tumetoka hapa Tabora na basi, tumefika hoi. Kupanda kule jua kali mawe yanateleza, alafu ukiingia chini ya ule mwamba wa Mongomi ghafla kuna ubaridi na watu wote wananyamaza bila kuambiwa. Mwanzo huoni kitu. Unaona ukuta wa jiwe wenye madoa. Muongozaji anakwambia subiri, na kweli macho yakizoea wanaanza kutokea mmoja mmoja, wekundu, wembamba kama vijiti, mgongo mrefu, vichwa vina kitu kikubwa cha mviringo kama nywele zilizotimuliwa, kuna mistari myembamba ya mwilini ambayo mimi kwa miwani yangu sijui mtu aliichora na nini, labda unyoya. Rangi ni udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, unasagwa, unakorogwa na kitu cha kushika kama mafuta.

Pale kuna picha ya watu watano. Katikati mmoja, wawili kulia wawili kushoto, na yule wa kati ameshikwa mikono huku na huku kama anavutwa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, ambaye alikuja na mumewe mwaka 1951 kuinakili aliona ni utekaji, watu wanagombania mwanamke. Nimesimama pale karibu nusu saa. Mimi nilichoona ni mtu amepandisha, wenzake wamemshika asianguke. Tumeona wote hayo kwenye ngoma zetu, mtu akipandisha hamumuachi peke yake, mnamshika huku na huku mpaka arudi. Siwezi kumlaumu mama Leakey, ila nadhani mtu aliyekua kwenye nyumba yenye ngoma angeiona tofauti.

Na pembeni kidogo kuna kipango kingine, kidogo, cheusi, ambacho Warangi wa pale mpaka leo wanakitumia. Wanakuja kuomba mvua, wanakuja na mgonjwa, na pombe ya mtama, na mbuzi. Nilikuta manyoya ya kuku na doa la pombe bado linanuka. Wawindaji waliochora wameshaondoka, waliokuja baadaye ni wakulima wa lugha nyingine kabisa, lakini mahali pakaendelea na kazi ile ile. Tangu 2006 michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na hapo kuna mvutano wa kweli kabisa, maana pombe na moshi vinaharibu rangi, lakini ukiwafukuza wazee wenye tambiko umebaki na jiwe lenye picha na mlinzi mwenye tiketi. Kwa maoni yangu wazee wakae. Wakaliwe vikao, waonyeshwe wapi rangi inaumia, wao ndo walinzi wa kwanza wa mlima ule kabla ya ofisi yoyote.

Sasa niwaambie lililonitokea pale, maana linaniuma mpaka leo. Kijana mmoja kwenye msafara wetu alitaka picha itoke vizuri kwenye simu, akachukua chupa ya maji akaumwagia mchoro. Sekunde moja! Rangi ikawaka nyekundu kweli kweli, wenzake wakashangilia. Maji yakikauka yanaacha chumvi nyeupe juu ya rangi na nyingine yanaondoka nayo. Hata watafiti wa zamani walikuwa wanafanya hivyo hivyo, ndo ujue ubaya wake ulichelewa kujulikana. Lakini mimi ndo niliyekuwa mkubwa wa msafara, nilitakiwa kuwaambia kabla hatujapanda, sikuwaambia, na siku hizi mtu asipoahidi mbele yangu simchukui.

Na kuna mashimo. Chini ya ile miamba watu wamechimba, mashimo ya kuingia mtu, wanatafuta mali za Wajerumani. Hili naliongea Tabora makusudi kwa sababu ugonjwa huu na sisi tunao. Eti alama za kwenye mawe ni ramani. Najua hadithi ya dhahabu ina mzizi, mwaka 1916 Wajerumani walipobanwa na vita walitengeneza hapa hapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zina picha ya tembo, dhahabu yenyewe ya mgodi wa Sekenke, na mwezi wa tisa mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mji huu. Kwa hiyo mtu akisikia Mjerumani kakimbia kaacha dhahabu haoti. Lakini ile mistari na miduara kwenye miamba ilikuwepo kabla Mjerumani hajazaliwa, na babu wa babu yake pia! Unavunja sala ya mtu unatafuta sarafu.

Kabla sijamaliza kuna jambo la kwetu. Miaka ya zamani Bayeye, wale wenzetu wa chama cha kucheza na nyoka, walikuwa na nyumba zao za kufundia na ndani ukutani walichora, nyoka, watu, viumbe vya hadithi zao, na aliyeingia chamani alifundishwa kwa kuangalia ukuta ule. Hans Cory, mtu wa serikali ya Tanganyika, alizinakili na zikachapwa mwaka 1953. Nyumba ni za udongo na nyasi, hazidumu, ila karatasi za Cory zipo. Hawakuwa wawindaji wa kale hao, ni Wasukuma na Wanyamwezi wa juzi tu, lakini angalia, ukuta unafundisha, mnyama mwenye hatari anachorwa na watu waliokubaliwa kumkaribia, na dawa ya kuumwa na nyoka iko kwenye mikono ya hao hao. Kama kuna mjukuu wa Bayeye hapa, ambaye babu yake alimweleza ile nyumba ilivyokuwa, namuomba sana tukae leo kabla hajaondoka, nina daftari.

Na nyie warina asali, nyie ndo mnalala porini wiki nzima, mnapita kwenye mawe ambayo hakuna profesa amewahi kuyapita. Ukikuta mchoro, hata vidoa vyekundu tu, usimwagie maji, usishike, usiwashe moto hapo chini. Piga picha bila flashi, alafu uliza mzee wa kijiji cha karibu pale mahali panaitwaje na nani anapajua, hilo ulifanye kwanza, ndo uende kwa afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, ila jina la mahali na habari yake anayo yule mzee, na akifa imekwenda.

Nitakuwa pale kwenye mwembe wa pili mpaka saa kumi na moja. Picha za Kolo ninazo kwenye simu, na ile ya watu watano ipo, nataka kina mama mnaocheza ngoma mje muiangalie mniambie mnaona nini.